Mandolini ya Mtu wa Kati

Miono,
6 Oktoba 2024

Kwako Binamu Maulida,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Shikamoo sikupi, maana mimi na wewe tumezaliwa mwaka mmoja, na aliyejua nani alitangulia ni bibi yetu peke yake, naye kaondoka na siri yake. Nyumbani wote wazima. Wifi yako Najma anakusalimu na anasema lile sufuria ulilochukua siku ya arubaini bado analikumbuka kwa jina. Mananasi yametoka vizuri, ila nguruwe pori wanayaonja kabla yetu.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Simu yangu imekufa sikio. Mtu akinipigia, sauti inatokea kwenye spika na kijiji kizima kinamwitikia salamu. Jambo nililonalo si la kijiji kizima, kwa hiyo nimempa bahasha Kitwana, konda wa gari letu.

Unakumbuka mwezi uliopita tulikuja huko kumposea mwanangu Mikdad kwa Bwana Abdullatif, jirani yako mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Posa ikakubaliwa, Ahlam tukapewa, na wewe ulikula pilau kwa niaba ya ukoo mzima. Usichokijua ni kilichotokea kwetu wanaume. Sebuleni kwa Abdullatif umetundikwa udi wa zamani, ule wa nyuzi wa kupigia taarabu, umenakshiwa mpaka unaogopa kuukaribia. Nikausifu, maana mtu ukikosa la kusema husifu kilichopo ukutani. Akaniuliza, "Bwana Mrisho, kumbe na wewe ni mtu wa ala?"

Sasa nielewe, binamu. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi linalomeza watu. Wazee wao wamevaa kanzu zilizopigwa pasi zikasimama zenyewe, na mimi viatu vyangu vina vumbi la Miono. Kinywa changu kikafunguka bila ruhusa yangu. Nikasema, "Napiga mandolini. Tangu utotoni."

Kwa nini mandolini, sijui mpaka leo. Abdullatif akanikumbatia. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba siku ya harusi, Mfungo Mosi baada ya Idi, baba wawili tutakaa pamoja, yeye na udi wake na mimi na mandolini yangu, tumpigie bibi harusi wimbo. Wageni watatoka Unguja na wengine Maskati. Mikdad alinitazama, akatazama chini. Mtoto ana adabu zake.

Naomba unitafutie mandolini. Isiwe ya bei ya kuniua, na isiwe mchezo wa watoto. Iwe inamfaa mtu anayeanza, au tuseme mtu wa kati. Najihesabu wa kati kwa sababu shuleni nilipuliza filimbi. Wewe marehemu mumeo Mwinyijuma alipiga fidla kwenye kundi lenu la taarabu, kwa hiyo mambo haya unayajua. Nikishindwa, nitaonekana mwongo mbele ya wakwe wa mwanangu, na mtoto wa mwongo hapewi mke kwa moyo mweupe. Naogopa, Maulida. Usimwambie mtu.

Ni mimi binamu yako,
Mrisho


Bagamoyo,
19 Oktoba 2024

Binamu yangu mwongo,

Barua yako imefika ikinuka nanasi. Mimi nipo, goti linanisumbua nikiliambia lipande ngazi. Watoto wazima. Kuhusu sufuria, mwambie wifi yangu kwamba huku Bagamoyo hakuna sufuria.

Nimecheka mpaka majirani wamebisha hodi. Mtu wa kati wa nini, Mrisho? Filimbi yenyewe mwalimu alikunyang'anya. Lakini wewe ni mtoto wa mjomba wangu, na mtani akizama unamcheka huku umemshika mkono. Nimeanza kutafuta.

Kwanza ujue unachonunua. Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa jozi nne, na jozi hizo zinalia sawasawa na nyuzi nne za fidla. Ndiyo maana naweza kukusaidia. Miaka yote nilikaa nyuma ya marehemu nikimshikia mkoba, nikimtazama vidole, hasa alipokuwa akitazama wanawake wa mstari wa mbele.

Ya kwanza niliyoiona ilikuwa dukani, mpya, nyekundu, inang'aa kama pikipiki ya bodaboda. Bei yake ya kuvutia. Nikaitazama shingoni: nyuzi zimekaa juu mno, katikati unaweza kupitisha kijiko na ugali wake. Mtu anayeanza akiibonyeza hiyo, vidole vitamtoka damu kabla hajafika wimbo. Uso wake ni mbao za kubandika, ukiugonga unajibu kama kabati. Nikairudisha.

Ya pili ni ya kizamani, mgongo wa duara kama kobe, ipo kwa ukoo mmoja hapa Dunda. Uzuri wake usiseme. Ila shingo imepinda kidogo na nina wasiwasi nayo. Ya tatu nitaiona juma lijalo, ya kijana aliyesoma chuo cha sanaa ambaye sasa kahamia gitaa.

Jambo jingine. Thuraya, mke wa Abdullatif, alikuja jana na bakuli la halua, akafunga mlango, akanilisha yamini juu ya jambo fulani. Siwezi kukuambia, na usiniulize. Halua ilikuwa nzuri.

Akupendaye kwa shida,
Maulida


Miono,
2 Novemba 2024

Binamu,

Nashukuru kwa taarifa, ingawa matusi yalikuwa mengi kuliko taarifa. Pole na goti. Huku mvua za vuli zimeanza, Najma kapanda kunde, na bata wetu kaangua.

Nimefikiri sana. Nichukulie ile yenye mgongo wa kobe. Nitaonekana mtu wa asili, mtu aliyerithi. Nikiingia uani kwa Abdullatif na chombo cha namna ile, nusu ya kazi itakuwa imeisha kabla sijakigusa. Shingo kupinda si hoja, hata mimi mgongo umepinda na nafanya kazi.

La pili, na hili nijibu bila mzaha. Ninyi nyumba zenu zinapakana. Abdullatif anapiga udi namna gani? Ni mpigaji wa kawaida au ni fundi? Nataka nijue ukubwa wa msiba.

Mrisho


Bagamoyo,
16 Novemba 2024

Binamu,

Salamu kwa wote, na bata nimpongezee. Sisi wazima.

Ya kobe sikununua. Nilikwenda nayo mpaka kwenye kiti, nikaketi, nikaipakata kama utakavyoipakata wewe. Mgongo wake wa duara ulikutana na tumbo langu, ikateleza mpaka magotini. Sasa tumbo langu mimi ni la kawaida. Lako, Mrisho, lingeirusha mpaka kwa wageni wa Maskati. Na shingo iliyopinda haikai na sauti. Ukiitengeneza jozi moja, nyingine inanuna.

Nimekununulia ya yule kijana. Haina mapambo, rangi yake kahawia kama kahawa ya maziwa, mgongo bapa unaotulia kifuani. Uso wake ni ubao mmoja halisi, ukiugonga kwa kidole unaitika kutoka ndani. Shingo imenyooka, nimeitazama kwa jicho moja kama fundi seremala. Nyuzi zimekaa chini, karibu na vile vyuma vidogo vya shingoni, kwa hiyo hutabonyeza kwa uchungu. Vikazio vya nyuzi vinazunguka laini na havirudi nyuma. Imetumika, ina mkwaruzo ubavuni, na ndiyo maana bei imekuwa ya kibinadamu. Ni ya mtu anayeanza na itamvumilia akikua. Mtu wa kati atajijua mwenyewe.

Sasa sikiliza kwa makini. Kile kijiti kinachobeba nyuzi hakikugundishwa, kinakaa kwa kubanwa na nyuzi tu. Usikitie gundi. Usikipigie msumari. Usimpe mtu wa vitanda akusaidie. Kila jozi nyuzi zake mbili zilie kama mtu mmoja. Ukisikia zinagombana, kaza au legeza kidogokidogo mpaka zipatane. Ipumzishe kivulini, mbali na jua na moto.

Kuhusu swali lako la pili, sina jibu. Nimelishwa yamini.

Maulida


Miono,
8 Desemba 2024

Kwa binamu yangu mpendwa Maulida, mwenye huruma, mtoto wa shangazi yangu kipenzi,

Natumai goti limepona na watoto hawajambo. Tunakuombea dua kila siku. Nanasi moja kubwa linakuja na barua hii.

Mandolini ilifika salama na ni nzuri kama ulivyosema. Kijiti sikukigusa. Gundi sikutia. Msumari sikupiga. Kwa hayo yote nina hakika utanisifu.

Lakini unajua kwetu kitu kigeni hakiingii ndani bila kufukizwa, na hiki kilitoka mkononi kwa kijana tusiyemjua. Najma alikuwa shamba. Nikawasha chetezo, nikatia ubani wa kutosha, nikaiweka mandolini juu yake na kuifunika kanga mbili, kama tunavyofanya nguo za sikukuu. Nikaiacha inywe moshi vizuri, nikaenda kuswali. Nikaleta na nyiradi zote, maana nilikuwa na haja kubwa.

Niliporudi, mgongo ulikuwa umeachana na ubavu kama soli ya kiatu cha mtumba. Inanukia, Maulida, hata sasa inanukia vizuri sana. Ila ukiipiga inapumua.

Ulisema moto. Hukusema chetezo.

Binamu yako katika shida,
Mrisho


Bagamoyo,
15 Desemba 2024

Mrisho,

Salamu nitatoa siku nyingine.

Sijawahi kusikia. Nimewaona wapigaji walioangusha ala zao, waliozikalia, na mmoja aliyeitumia kuulia nyoka. Aliyeifukiza mandolini mpaka ikafunguka ni wewe peke yako. Fundi hapa anasema inarudishika, ataigundisha na kuibana, lakini anataka juma zima la kukauka.

Iletwe haraka. Na wewe mwenyewe uje nayo, ukae kwangu nikufundishe, maana kwa barua utajifunza kwa njia hiyo hiyo ya chetezo. Nyumbani sema lolote. Uongo si tatizo lako.

Abdullatif usimtembelee.

M.


Miono,
26 Januari 2025

Binamu Maulida,

Amani iwe nyumbani kwako. Nilifika salama. Najma anashukuru kwa samaki, na alifungua kapu juu hadi chini akitafuta sufuria.

Niliwaambia nimekwenda kutibiwa macho. Niliporudi, Najma akaniuliza miwani iko wapi. Ikabidi ninunue, na sasa natembea nikikanyaga kuku, maana macho yangu hayana ugonjwa wowote.

Gundi ya fundi imeshika, nami nafanya mazoezi kwenye kibanda cha shambani. Ule wimbo wa kundi lenu wa kumwingiza bibi harusi, uliponifundisha kwako ulikuwa rahisi, huku umekuwa mgumu. Vidole viliniuma mpaka nikashindwa kumega ugali. Sasa vimeanza kuota sugu, na nazitazama sugu hizo kwa fahari kuliko nilivyowahi kuzitazama za jembe. Jozi ya nne bado inagombana.

Jambo la ajabu, tangu nianze, nguruwe pori hawajaonekana shambani kwangu. Jirani yangu Majaliwa kaja kwa heshima zote kuniomba niwe nasogea kidogo mpakani kwake, nimpigie na yeye. Nikamuuliza sauti anaionaje. Akasema, "Inafanya kazi."

Lakini Mikdad kaniletea habari mbaya. Alikwenda kwa wakwe zake, akaambiwa Abdullatif kila baada ya Alasiri anajifungia ghalani na udi wake na hataki mtu aingie. Binamu, mtu anayejua tayari na bado anajifungia kufanya mazoezi, huyo anataka kunimaliza. Atanipigia vitu vya Misri. Nitakaa pale nimeshika mandolini kama chano cha vitumbua. Usiku naamka jasho linanitoka. Nambie kweli, unasikia nini kutoka ghala lile?

Mrisho


Bagamoyo,
10 Februari 2025

Binamu,

Nakuombea usingizi na akili, kwa mpangilio huo. Goti afadhali.

Ghala la Abdullatif na chumba changu cha kulala ukuta ni mmoja. Ninachosikia siwezi kukuambia. Ninaweza kukuambia kwamba nimenunua pamba nikaziba masikio, na kwamba paka wangu kahamia kwa watu wengine. Ukielewa, umeelewa. Usipoelewa, yamini yangu imesimama.

Wewe shughulika na wimbo mmoja tu. Mpiga nyimbo nyingi nusunusu hana tofauti na mwenye nguo nyingi zisizo na vifungo. Piga polepole. Pale katikati ambapo wimbo unapanda, usikimbie. Marehemu alikuwa akisema hapo ndipo bibi harusi anapoinua uso, na ukikimbia unamwacha nyuma. Sijamwambia mtu maneno hayo tangu azikwe, sasa nimekupa wewe uwapigie nguruwe.

Maulida


Miono,
6 Aprili 2025

Binamu yangu,

Idi njema iliyochelewa. Tumefunga salama na tumefungua salama. Najma alipika bokoboko, akaugua kwa kuonja.

Mwezi mtukufu sikupiga, na sugu zikalainika, nikaanza upya na uchungu wangu. Lakini juzi, Maulida, nilikaa kibandani, nikafumba macho, nikapiga wimbo wote. Mwanzo hadi mwisho, na pale katikati sikukimbia. Nilipofumbua macho Majaliwa alikuwa amesimama mlangoni na panga lake. Nikadhani amekuja kulalamika. Akaniuliza kama harusi ni ya mwaliko au mtu anaweza kuja tu.

Nilianza jambo hili kwa kuogopa aibu, sikudanganyi. Sasa naona nalitaka lenyewe. Nina umri huu na sijawahi kuwa na kitu cha kumwonesha mwanangu zaidi ya shamba. Siku ya harusi nataka Mikdad ainue kichwa anione. Abdullatif apige vitu vyake vya Misri, mimi nitapiga wimbo wangu mmoja na nitaupiga vizuri.

Tuonane tarehe kumi na tisa.

Mrisho


Bagamoyo,
23 Aprili 2025

Mrisho,

Salamu kwa Najma. Sufuria aliliona jikoni kwangu siku ya harusi, akalichukua, yameisha, tumeshagombana.

Nimekaa siku zote hizi nikingoja hasira ipungue, haikupungua. Nilikuwa dirishani na wanawake wenzangu, nikaliona lote. Nikuambie nilivyoliona.

Mmekaa uani wewe na Abdullatif kwenye zulia, watu wamejaa, bibi harusi kaletwa mlangoni. Mkaanza adabu zenu. Yeye anasema, "Wewe mgeni, tangulia." Wewe unasema, "Wewe mwenyeji, haiwezekani." Tangulia, haiwezekani, tangulia, haiwezekani, mpaka yule bibi wa Unguja karibu yangu akasema hawa wataanza siku ya akika ya mjukuu. Mwisho ukaishika mandolini. Nikakuona umekaa vizuri, mkono umetulia, nikasema moyoni sasa Bagamoyo itamjua mtoto wa mjomba wangu. Ukamwinamia Abdullatif, mkanong'ona. Ukamtazama. Halafu ukaanza kukaza uzi. Ukakaza, ukakaza, mpaka ukakatika, paa, ukamrukia sheikh kwenye kilemba.

Ukasema uzi umekatika kwa hiyo hupigi. Na Abdullatif akasema mgeni akikatikiwa na uzi mwenyeji hawezi kupiga peke yake, si adabu, akautundika udi wake upesi kuliko alivyoushusha. Pilau ikaletwa.

Mandolini ile niliitengeneza mwenyewe baada ya Adhuhuri, jozi zote zimepatana. Hakukuwa na haja ya kukaza kitu. Watu wamecheka, Mrisho. Wamesema mzee wa Miono kaja na ala asiyoijua, mtu wa mananasi atajulia wapi nyuzi. Nilimwona Mikdad akitazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kukucheka ukikosea, sikujiandaa kukuonea huruma. Nimelia, na mimi sikulia hata nilipong'olewa gego.

Ulifanya kusudi. Kwa nini?

Maulida


Miono,
11 Mei 2025

Binamu Maulida,

Salamu za kweli leo, bila matani. Masika yamekolea na njia imeharibika, ndiyo maana jibu limechelewa. Mikdad na Ahlam walikuja kutusalimia, wana afya na wanachekeana ovyo mbele za watu. Najma kampa Ahlam lile sufuria.

Nilimwinamia Abdullatif kumuuliza tuanzie sauti gani. Akanijibu, "Yoyote, zote nzuri." Ndipo nikamtazama. Alikuwa kaupakata ule udi kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani mwenye mafua. Kidude cha kupigia kakishika kinyume. Vidole vyake vimefungwa plasta, na midomo inasoma dua ambayo mimi naijua, maana ni ile ile niliyokuwa naisoma mwaka jana kwenye kochi lake. Ahlam kasimama mlangoni anamtazama babake, na uso wake unasema hakuna baba kama huyu duniani.

Nilifahamu hapo hapo kwamba nikipiga, atafuata yeye. Ndugu zake wote wametoka mbali wakiamini. Ningeinuka mimi na angelala yeye, mbele ya binti yake, siku anayotoka kwake. Nikaona mkono wangu umeshafika kwenye kikazio.

Iliniuma, sikufichi. Niliporudi niliutupa ule mfuko wa mandolini uvunguni na sikutaka kuuona. Kicheko chao nilikisikia chote. Lakini kule Mikdad kutazama chini ndiko kulikonikaa moyoni. Yamini uliyolishwa sikuulizi, nimeshaelewa paka alihama kwa nini.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita Abdullatif alikuja hapa peke yake, gari lina matope mpaka kiooni. Hakuaga kwake anakokwenda. Kaleta halua na bahasha ya nyuzi, akasema, "Nimekuletea badala ya ule uliokatika." Nikaifungua. Ni nyuzi za udi, za nailoni, nene, mandolini haiwezi kuzivaa hata kwa dawa. Nikamwambia ndizo zenyewe.

Tukanywa kahawa. Najma akaondoka, yeye anajua lini kuondoka. Abdullatif akageuza kikombe mara nyingi, kisha akasema bila kunitazama, "Mkono wako niliuona."

Nikamwambia ale halua.

Akasema Ahlam mpaka leo anawaambia watu babake na mkwe wake ni wapigaji wakubwa waliokosa bahati siku moja. Akasema yeye ule udi ni wa marehemu babake, na hakuwahi kuugusa mzee akiwa hai kwa kuogopa kugombezwa. Halafu akaniomba nimpigie ule wimbo uliokosekana. Nikaitoa uvunguni, ikiwa na nyuzi saba na harufu yake ya ubani, nikapiga. Pale katikati sikukimbia. Nilipomaliza alikuwa ameinama, sikumwona uso, na sikuutafuta.

Akainuka akaenda kwenye gari. Nikadhani anaondoka. Akarudi na ule udi, umefungwa shuka, akaketi karibu yangu, akabandua plasta moja baada ya nyingine. Akaniuliza kidole cha kwanza kinawekwa wapi. Mimi udi siujui, Maulida, na nilimwambia hivyo, ila nikaushika mkono wake tukaanza kutafuta.

Binamu yako,
Mrisho